Nyongeza za michezo ya kompyuta: je, zina thamani ya fedha zako?

Zamani mnunuzi wa mchezo wa kompyuta alilipa mara moja, akachukua boksi lenye diski yake na kwenda zake nyumbani. Siku hizi malipo ya dukani ni mwanzo tu. Mchezo ukishawashwa, humwonyesha mchezaji bidhaa nyingine zinazouzwa na kupakuliwa kupitia mtandao wa intaneti: sura mpya ya hadithi, uwanja mpya wa mapambano, gari, silaha, au vazi tu la kumpamba mhusika. Bidhaa hizo ndizo tunazoziita nyongeza, na aghalabu bei yake huanzia dola moja au mbili hadi dola 40.

Mpenzi msikilizaji, katika makala yetu ya leo tunajiuliza iwapo nyongeza hizo zinastahili kununuliwa. Swali hili si la vijana peke yao. Katika nyumba nyingi za Waswahili walioko Muscat, London au Houston, anayecheza ni mtoto, lakini kadi ya benki ni ya mzazi. Fedha zinazolipia nyongeza hutoka katika mfuko uleule unaolipa kodi ya nyumba na kupeleka karo kwa ndugu waliobaki Afrika Mashariki. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo, na biashara hii imejengwa juu ya bandu ndogo ndogo.

Deraya ya farasi

Nyongeza zenyewe si jambo geni. Mwaka 1998 kampuni ya Blizzard iliuza nyongeza ya mchezo wake wa StarCraft, iliyoitwa Brood War. Ilikuja katika boksi lake, na ndani yake mlikuwa na hadithi nzima mpya. Kwa kuwa kuchapisha diski na kuisafirisha kulikuwa na gharama, kampuni haikuweza kuuza kitu kidogo mno.

Intaneti ya kasi iliondoa kizuizi hicho. Mwezi Aprili mwaka 2006 kampuni ya Bethesda ya Marekani, iliyokuwa imetoa mchezo wa Oblivion mwezi mmoja tu uliotangulia, ilianza kuuza deraya ya farasi kwa dola 2 na senti 50. Haikuwa na hadithi wala eneo jipya la kutembelea. Ilikuwa vazi la chuma la kumvisha farasi wa mchezaji. Wachezaji wengi walikasirika na kufanya mzaha usiokwisha. Pamoja na hayo, watu wengi waliinunua, na kampuni nyingine zikaona kwamba kitu kidogo kinaweza kuuzwa.

Mwaka uliofuata Bethesda hiyohiyo ilitoa nyongeza nyingine ya mchezo huohuo, Shivering Isles, kwa dola 30. Hii ilikuwa na nchi nzima mpya, wahusika wake na hadithi yake. Nyongeza hizi mbili, zilizotoka katika karakana moja, zinatufundisha jambo la kwanza: neno nyongeza halisemi chochote kuhusu thamani. Dola 2 na nusu zinaweza kuwa ghali, na dola 30 zikawa rahisi.

Kwa nini kampuni huuza vipande

Kampuni zina hoja zao. Mchezo mkubwa huchukua miaka kadhaa kutengenezwa, na mamia ya watu hulipwa mishahara kabla ya senti ya kwanza kuingia. Aidha, wachoraji na watunzi wa hadithi humaliza sehemu kubwa ya kazi yao kabla ya mchezo kutoka, huku wenzao wakiendelea kusaka kasoro za programu. Nyongeza huwapa kazi katika kipindi hicho.

Ipo pia sababu ambayo kampuni haziitangazi sana. Diski inaweza kuuzwa tena. Kijana akishamaliza mchezo wake humuuzia mwenzake, na mtengenezaji hapati chochote katika mauzo hayo ya pili. Nyongeza iliyopakuliwa, kinyume chake, hufungwa katika akaunti ya aliyeinunua. Haiuziki, hairithiki kwa urahisi, na haiazimiki kama diski. Anayenunua nyongeza hana budi kulitia hilo katika hesabu yake.

Nyongeza iliyostahili bei yake

Mfano unaosifiwa sana unatoka Poland. Kampuni ya CD Projekt ilitoa mchezo wa The Witcher 3 mwezi Mei mwaka 2015. Ilitoa nyongeza ndogo 16, mavazi na visa vifupi, bila malipo yoyote. Kisha ikauza mbili kubwa: Hearts of Stone, iliyotoka Oktoba mwaka huo kwa dola 10, na Blood and Wine, iliyotoka Mei mwaka 2016 kwa dola 20. Kampuni iliahidi takriban saa 10 za mchezo katika ya kwanza na saa 20 katika ya pili. Blood and Wine ilimpeleka mchezaji katika nchi mpya kabisa, na mwisho wa mwaka huo ilipata tuzo ya mchezo bora wa aina yake katika hafla ya The Game Awards, ikiishinda michezo iliyouzwa kwa bei kamili.

Lipo jambo jingine la kukumbukwa. Kampuni hiyo ilipoanza kupokea malipo ya nyongeza zake kabla ya mchezo wenyewe kutoka, iliwaambia wateja wenye shaka wasinunue, bali wasubiri kwanza wacheze na kusoma maoni ya wengine. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kilichokatwa na kuuzwa upya

Upande wa pili ni ule unaowaudhi wachezaji kuliko yote: pale inapoonekana kwamba kinachouzwa kama nyongeza kilikuwa sehemu ya mchezo tangu mwanzo.

Mchezo wa Assassin's Creed II wa kampuni ya Ubisoft, uliotoka mwaka 2009, ulikuwa na hadithi iliyopangwa kwa sura zenye namba. Mchezaji alifika sura ya 11, na mara akajikuta katika sura ya 14. Sura ya 12 na ya 13 ziliuzwa mwanzoni mwa mwaka 2010, kila moja peke yake, kwa njia ya kupakua. Mwaka 2012 kampuni ya Capcom ya Japani iliingia katika lawama kubwa zaidi. Iligunduliwa kwamba wapiganaji 12 wa mchezo wake wa Street Fighter X Tekken walikuwa tayari ndani ya diski aliyokwisha kuilipia mteja, lakini wamefungwa. Malipo ya ziada yalikuwa ya kupata ufunguo tu.

Aliyesubiri hakupoteza kitu. Zile sura mbili za Assassin's Creed II ziliwekwa ndani ya toleo la mkusanyiko lililotoka mwaka 2016. Na The Witcher 3, pamoja na nyongeza zake zote, iliuzwa kuanzia Agosti mwaka 2016 kwa bei ya chini kuliko ile ya mchezo mtupu siku ulipotoka. Katika biashara hii, mwenye subira aghalabu hupata kingi zaidi kwa bei ndogo zaidi.

Viwanja vinavyowatenga marafiki

Katika michezo ya kupambana na wengine kupitia mtandao, kwa miaka mingi nyongeza iliyotamba ilikuwa ni viwanja vya mapambano. Mwaka 2010 viwanja vitano vya Call of Duty: Modern Warfare 2 viliuzwa kwa dola 15, ingawa viwili kati yake vilikuwa vimetoka katika mchezo wa awali wa mfululizo huohuo. Tatizo la nyongeza za namna hii halikuwa bei peke yake. Rafiki mmoja akinunua na mwenzake asinunue, hawawezi kucheza pamoja katika uwanja ule. Mtoto aliyekuwa akimsumbua mzazi wake hakuwa akitaka uwanja. Alichelea kuachwa na wenzake. Call of Duty yenyewe iliacha kuuza viwanja katika toleo lake la mwaka 2019, ikahamia kwenye kuuza mapambo.

Mapambo na masanduku ya bahati

Mapambo hayabadilishi mchezo. Ni vazi, rangi ya bunduki, au namna ya kucheza ngoma baada ya ushindi. Mtu mzima anayejua anachokilipia ana hiari yake, kama anunuavyo kofia. Hatari huanza pale mnunuzi anapokuwa mtoto, au pale asipojua atapata nini.

Desemba mwaka 2022, kampuni ya Epic Games, yenye mchezo wa Fortnite unaotolewa bure, ilikubaliana na Tume ya Biashara ya Marekani kulipa dola milioni 520. Kati ya hizo, milioni 245 zilikuwa za kuwarudishia wateja. Tume ilidai kwamba vitufe vya mchezo vilipangwa kwa namna iliyowafanya watu wanunue bila kukusudia, na kwamba watoto waliweza kununua bila idhini ya wazazi. Awamu ya kwanza ya marejesho, zaidi ya dola milioni 72, ilitolewa Desemba mwaka 2024.

Kuhusu masanduku ya bahati, ambamo mchezaji hulipa kwanza na kuona baadaye alichokipata, nchi zimetofautiana. Tume ya michezo ya kamari ya Ubelgiji ilitamka mwezi Aprili mwaka 2018 kwamba masanduku ya namna hiyo katika michezo kadhaa yanavunja sheria ya kamari ya nchi hiyo. Uholanzi nayo ilichukua hatua, lakini mahakama ya juu ya masuala ya utawala iliitengua faini iliyotozwa kampuni ya EA mwezi Machi mwaka 2022. Uingereza iliamua mwaka huohuo kutobadilisha sheria yake. Kwa mzazi, uamuzi hauna haja ya kuingoja mahakama: kulipia sanduku la aina hiyo ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Je, unanunua au unakodi?

Hata nyongeza nzuri ina udhaifu mmoja. Mchezo wa magari wa The Crew, ulioanza kuuzwa mwaka 2014, ulikuwa na nyongeza mbili kubwa za kulipia, ya mwaka 2015 na ya mwaka 2016. Mchezo huo haukuweza kuchezwa bila kuunganishwa na mitambo ya Ubisoft. Mitambo ilipozimwa tarehe 31 Machi mwaka 2024, mchezo na nyongeza zake vilikufa pamoja, hata kwa aliyekuwa na diski mkononi.

Tukio hilo lilizaa kampeni kubwa barani Ulaya, ambayo mwezi Julai mwaka 2025 ilipitisha saini milioni moja ikitaka kampuni zizuiwe kuiua michezo iliyokwisha kuuzwa. Katika jimbo la California, sheria iliyoanza kutumika Januari mwaka 2025 inawataka wauzaji wamweleze mteja waziwazi pale anapopewa leseni ya kutumia tu, wala si umiliki. Kwa ufupi, nyongeza ya mchezo unaochezwa bila mtandao ina maisha marefu kuliko nyongeza ya mchezo unaotegemea mitambo ya kampuni.

Akaunti ya nchi gani?

Kwa wasikilizaji wetu walio ughaibuni, hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Katika mashine za PlayStation, nyongeza na diski ya mchezo hazina budi kuwa za eneo moja la mauzo. Diski iliyonunuliwa Marekani na kuletwa Oman kama zawadi kwa kawaida haitaitambua nyongeza iliyonunuliwa kwa akaunti ya Oman, ijapokuwa jina la mchezo ni lilelile. Hali kadhalika, kadi ya zawadi ambayo shangazi aliye Marekani amemtumia mpwa wake aliye Muscat haikubaliki katika akaunti iliyofunguliwa Oman. Kabla ya kulipa, tazama akaunti ni ya nchi gani na diski imetoka wapi.

Ni vyema pia kujua kanuni za kurudishiwa fedha. Duka la Steam, linalohudumia kompyuta za kawaida, hurudisha fedha za nyongeza nyingi ndani ya siku 14, mradi mchezo wenyewe haujachezwa zaidi ya saa mbili tangu nyongeza iliponunuliwa. Duka la PlayStation kwa kawaida halirudishi fedha baada ya upakuaji kuanza, isipokuwa bidhaa iwe na kasoro.

Inunuliwe au isinunuliwe?

Nyongeza yenye hadithi na eneo jipya, kwa mchezo ambao mtu ameumaliza na bado anautamani, mara nyingi inastahili bei yake. Kipimo chepesi ni hiki: kama mchezo wenyewe haujamalizwa, nyongeza haihitajiki bado. Wengi hulipia nyongeza siku wanaponunua mchezo, kisha mchezo wenyewe wakauacha katikati.

Malipo ya mapema kwa nyongeza ambazo hazijatengenezwa hayana faida ya kutosha kuifidia hatari yake. Mapambo ni anasa, na yapangiwe fungu lake kama anasa nyingine. Masanduku ya bahati yaepukwe kabisa, hasa na watoto.

Kwa mzazi, hatua ya kwanza ni kuiondoa namba ya kadi ya benki katika mashine, kisha kuweka neno la siri ambalo kila ununuzi utalihitaji. Mashine kubwa za michezo zina nafasi ya kufanya hivyo katika mipangilio yake. Hatua ya pili ni kuketi na mtoto na kumuuliza nyongeza anayoitaka inaongeza nini hasa. Akieleza kwa ufasaha, pengine anastahili kununuliwa siku ya sikukuu. Akijibu tu kwamba wenzake wote wanayo, basi mazungumzo yenu yahusu wenzake hao kwanza, kabla ya kufika kwenye bei.