Kona ya Kilomita 670

Katika Return of the Jedi, filamu ya Star Wars ya mwaka 1983, rubani mmoja wa waasi, chombo chake kikiwa kimepigwa na hakisikii tena usukani, anajibamiza kwenye chumba cha uongozi cha Executor, manowari kuu ya Dola. Manowari hiyo, ambayo watunzi wa visa hivyo wameipa urefu wa kilomita 19, inainamisha pua, inapiga mbizi na kulipukia juu ya ngome ya Dola iliyo chini yake. Nusu ya kwanza ya tukio hilo naiheshimu sana, kwa kuwa kinachoanzisha maangamizi si silaha ya kimuujiza, ni uzito uliobebwa na kasi. Nusu ya pili haikubaliki. Chombo kilichomo kwenye obiti hakidondoki kwa sababu nahodha amekufa. Mwezi hauna nahodha wala injini, na upo huko juu tangu kale.

Kosa hilo lina asili yake. George Lucas alipokuwa akitengeneza filamu ya kwanza ya Star Wars, iliyotoka Mei 1977, alikusanya vipande vya filamu za mapigano ya ndege ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia na kuviunganisha viwe kielelezo. Kikosi cha msimamizi wa athari maalumu John Dykstra kikaiga mienendo ile kwa kamera iliyoongozwa na kompyuta. Ndiyo maana vyombo vya waasi huinamisha bawa vinapokata kona. Ndege hufanya hivyo kwa sababu hewa huliinua bawa, na bawa likilala upande, nguvu ile ile huivuta ndege kwenda upande huo. Kwenye ombwe bawa halina cha kulishika. Hata ule mlio wa kutisha wa vyombo vya Dola, ambao fundi wa sauti Ben Burtt aliutengeneza kwa kuchanganya sauti ya tembo na ya gari kwenye barabara yenye maji, usingemfikia mtu yeyote.

Lakini sauti ni jambo dogo. Jambo kubwa ni kona yenyewe. Chombo kinachoizunguka Dunia karibu na uso wake, kwenye kimo cha kilomita 400 hivi, hukimbia takriban kilomita 7.7 kwa sekunde. Rubani wa ndege ya kivita, akiwa na mafunzo na suti maalumu, huweza kuvumilia kwa muda mfupi nguvu inayomfanya ahisi uzito wake umezidishwa mara tisa. Akikata kona kwa nguvu hiyo, akiwa kwenye kasi hiyo, atachora duara ambalo nusu kipenyo chake ni kilomita 670. Huo ni umbali wa mstari mnyoofu kutoka Nairobi hadi Dar es Salaam. Na mafuta? Kugeuza mwelekeo wa obiti kwa nyuzi 60 tu kunadai msukumo sawa na kasi yote aliyokuwa nayo, yaani kilomita 7.7 nyingine kwa sekunde, kana kwamba anarushwa upya kutoka ardhini.

Mpenzi wa filamu atasema, kwa haki kabisa, kwamba adui naye anakimbia kwa kasi ile ile, na kinachohesabiwa ni tofauti kati yao. Kweli. Basi tuwaweke karibu, mmoja mbele na mwingine nyuma, tuone.

Jaribio hilo limeshafanywa. Tarehe 3 Juni 1965, mwanaanga wa Marekani James McDivitt, akiwa na mwenzake Ed White ndani ya chombo cha Gemini 4, alitaka kukisogelea kipande cha roketi kilichokuwa kimewafikisha kwenye obiti. Alikiona kwa macho. Akaelekeza pua ya chombo chake huko na kuwasha injini ndogo, kama ambavyo rubani yeyote angefanya. Kipande kikazidi kuwa mbali. Akajaribu tena na tena, mpaka mafuta mengi yakaisha, na ikabidi aache. Ukiongeza mwendo, obiti yako inapanuka, na kwenye obiti ya juu zaidi safari ni ndefu na mwendo ni wa polepole, kwa hiyo anayekimbia mbele yako anazidi kukuacha. Ili umkamate huna budi kufunga breki: unashuka, unazunguka upesi kuliko yeye kwa njia fupi ya chini, kisha unapanda tena mbele ya safari. Mwanaanga Buzz Aldrin aliandika tasnifu yake ya udaktari kule MIT, mwaka 1963, kuhusu namna ya kukutanisha vyombo kwenye obiti, na Desemba 1965 Gemini 6A iliisogelea Gemini 7 hadi zikabakiza sentimita 30 hivi. Ilikuwa kazi ya saa kadhaa, ya hesabu na misukumo midogo midogo. Hivyo ndivyo waasi wangelazimika kushambulia: polepole, kwa njia inayoweza kukokotolewa na kila mpiga mzinga wa manowari.

Wala wasingeweza kumvizia mtu. Injini zina joto, na joto kwenye ombwe halina upepo wa kulichukua. Linatoka kwa miale ya infraredi tu, ambayo hung'aa waziwazi dhidi ya giza baridi.

Hata bunduki ina gharama yake. Muungano wa Kisovieti ulifunga mzinga wa ndege kwenye kituo cha Salyut 3, kilichorushwa 1974, na Januari 1975, wanaanga wakiwa hawamo, mzinga huo ulifyatuliwa kwa amri kutoka ardhini. Haukuwa na shingo ya kugeuka, hivyo kulenga kulimaanisha kugeuza kituo kizima, na teke la kila risasi lilibidi lizuiwe kwa msukumo wa injini.

Ndiyo maana narudi kwa yule rubani aliyejibamiza. Tukichukua chombo cha tani 10 kikigonga kwa kilomita moja kwa sekunde, nishati yake inazidi ile ya tani nzima ya TNT. Kwa kilomita 10 kwa sekunde, inakuwa mara mia ya hapo. Tarehe 10 Februari 2009, takriban kilomita 790 juu ya Siberia, setilaiti ya Marekani Iridium 33 ilikutana na Cosmos 2251 ya Urusi, iliyokuwa imekufa siku nyingi, kwa kilomita 11.7 kwa sekunde. Hakuna aliyefyatua kitu. Zote mbili zilisambaratika, zikaacha vipande zaidi ya 2,000 vinavyoweza kufuatiliwa kutoka ardhini, kila kimoja kikiwa kombora lisilo na mwenyewe.

Filamu huishia kwenye mlipuko. Obiti huanzia hapo. Tarehe 15 Novemba 2021 Urusi iliilipua kwa kombora setilaiti yake yenyewe, Cosmos 1408, na vipande zaidi ya 1,500 vikatawanyika. Watu saba waliokuwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, wawili kati yao Warusi, waliamriwa kujifungia ndani ya vyombo vyao vya kurudia nyumbani. Mwaka uliofuata, mwezi Desemba, nchi 155 kwenye Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa ziliunga mkono azimio la kuacha majaribio ya aina hiyo. Azimio hilo halina nguvu ya sheria, na nchi tisa zililipinga, Urusi na China zikiwamo.