Kwa nini ujira wa mafundi wa TEHAMA unashuka Ibadakuli

Ibadakuli, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, si mahali palipoachwa nyuma na miundombinu. Hapa ndipo inapoishia njia ya umeme ya kilovolti 400 inayotoka Iringa kupitia Dodoma na Singida, na hapa ndipo kilipo kiwanja cha ndege ambacho serikali iliamua kukijenga upya kwa lami kwa mkopo wa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Lakini kijana wa hapa anayejiajiri kwa kufunga mitandao, kutengeneza tovuti na kuandika programu za maduka anauza siku yake ya kazi kwa bei inayozidi kuteremka. Wengi hulaumu wingi wa wahitimu. Mimi naona jambo zito zaidi: uamuzi wa kumlipa umehamia mbali naye.

Tuanze na serikali, mteja ambaye fundi wa mkoani alimtegemea sana. Tangu mfumo wa GePG uanze mwaka 2017, malipo yanayokwenda serikalini hupitia kontroo namba. Mapato ya halmashauri yana Tausi, hospitali zina GoTHoMIS, manunuzi yako kwenye NeST. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 ikaipa Mamlaka ya Serikali Mtandao (e-GA) meno ya kusimamia mifumo ya taasisi za umma. Kwa mlipakodi hilo ni jema, maana mfumo mmoja unahudumia nchi nzima na fedha haivuji kirahisi. Ila kazi ya kuandika programu ya halmashauri moja imekwisha. Kilichobaki ni kubadilisha kebo na kuondoa virusi, na kazi hiyo wanaoiweza ni wengi.

Migodi nayo haijaziba pengo. Buzwagi, kule Kahama, ilimaliza uzalishaji mwaka 2021. Geita na Bulyanhulu zinaendelea, na kanuni za mwaka 2018 zinaitaka migodi iwape Watanzania kipaumbele. Tatizo ni kwamba kampuni ya Dar es Salaam ni ya Kitanzania sawasawa na ya Ibadakuli. Inachukua mkataba, inampa mkandarasi mdogo, naye anamtafuta fundi wa karibu. Kila ngazi inakata chake, na kodi ya zuio ya asilimia 5 inakatwa humo humo. Fundi anapokea kilichosalia, tena baada ya kila aliye juu yake kulipwa kwanza. Anayesubiri fedha miezi mitatu hukubali bei yoyote ya kazi inayofuata, na hapo bei ya soko zima inaporomoka.

Umbali nao uliwahi kumlinda fundi wa Ibadakuli. Mtaalamu wa Mwanza alipolazimika kupanda basi, nauli na malazi vilipandisha bei yake. Leo anaingia kwenye kompyuta ya mteja akiwa mezani kwake. Na tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, mwenye duka anaweza kupata tovuti ya kurasa chache bila kumwita yeyote. Wakati huohuo gharama zimepanda: seva hulipiwa kwa dola, na dola iliyokuwa takribani shilingi 2,300 mwaka 2022 ilivuka 2,600 mwaka 2024.

Zipo kazi ambazo bado zinahitaji mtu afike: mizani ya kielektroniki ya kiwanda cha kuchambua pamba, kamera za ghala, mtandao wa ofisi iliyopigwa na radi. Kosa ni kuziuza moja moja, kwa simu, siku kitu kimeharibika. Mkataba wa matengenezo wa mwaka mzima humpa fundi kipato cha kila mwezi na nguvu ya kukataa bei mbovu. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inatenga asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalumu, vijana wakiwemo. Mafundi watano wakisajili kikundi na kukiingiza NeST, wanaweza kuomba matengenezo ya kompyuta za shule na zahanati za Manispaa ya Shinyanga kwa jina lao wenyewe, na kulipwa na mnunuzi moja kwa moja.