Mwaminifu Katika Madogo: Jinsi Marafiki Wanavyojenga Kuaminiana

Tunapozitembelea Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, mara kwa mara tunakutana na jeraha lile lile. Mtu alimweleza mwenzake jambo la ndani ya nyumba yake, na kabla ya Dominika iliyofuata jambo hilo lilikuwa limekwisha kuzagaa mtaani. Tangu hapo yeye huja kusali, lakini moyo ameufunga. Ndiyo maana yatupasa kujiuliza: kuaminiana kati ya marafiki hujengwaje?

Rafiki hupimwa

Yoshua bin Sira anatufundisha kwamba rafiki apatikane kwa kupimwa, wala tusifanye haraka kumtumainia (rej. YbS 6:7). Kupima huku si kumtegea mwenzetu mtego. Ni kuyapa mambo madogo muda wa kusema. Aliyeazima jembe, je, amelirudisha? Aliyeahidi kufika saa kumi amefika, au ametuma taarifa mapema? Aliyesikia neno la faragha amelitunza? Haba na haba hujaza kibaba.

Katika karne ya 12, Mtakatifu Aelred, abate wa Rievaulx nchini Uingereza, aliandika juu ya urafiki wa kiroho, akaonesha ngazi zake nne: kuchagua, kupima, kupokea, na hatimaye kupatana kwa upendo katika mambo ya Mungu na ya wanadamu. Tuone kwamba kupokea huja baada ya kupima. Wengi wetu huanzia ngazi ya tatu: tunafungua moyo wote siku ya kwanza, kisha tunamlaumu mwenzetu kwa kuangusha mzigo ambao hakuwa tayari kuubeba.

Yonathani alimwahidi Daudi kwamba angempelekea habari kwa ishara ya mishale. Baba yake, mfalme Sauli, alimrushia mkuki kwa sababu ya urafiki huo, hata hivyo, asubuhi yake alitoka kwenda shambani kwa wakati waliopatana (rej. 1Sam 20). Agano lao kubwa lilisimama juu ya ahadi ndogo iliyotimizwa.

Kuaminiana kukivunjika

Anayefichua siri huharibu uaminifu, asema pia Bin Sira (rej. YbS 27:16). Je, hakuna tumaini? Tumtazame Petro. Alimkana Bwana mara tatu, akiota moto uani. Baada ya ufufuko, Yesu alimngoja ufukweni kando ya moto wa makaa, akiwa na samaki na mkate, kwanza alimlisha, ndipo akamwuliza mara tatu kama anampenda, na kila jibu likafuatwa na kazi ya kuchunga (rej. Yn 21). Msamaha ulimfikia Petro kama zawadi. Uaminifu wake aliudhihirisha siku kwa siku, hadi kifo.

Hivyo, kusamehe hakutulazimishi kumkabidhi tena aliyetusaliti siri zetu zote kesho yake. Kunatudai tumwachie mlango wa kuanza upya, kwa jambo dogo. Naye aliyekosa asidai kuaminiwa. Arudishe alichoazima, atimize alichoahidi, anyamaze panapostahili kunyamaza.

Juma hili, kila mmoja wetu akumbuke ahadi moja ndogo aliyoiacha njiani, akaitimize. Kristo, aliyetuita rafiki zake, atujalie neema ya kuwa waaminifu katika yaliyo madogo.