Roboti Mwashi na Fundi Wake

Je, wajua ya kuwa tofali laweza kupakwa saruji na kulazwa ukutani na mkono usio wa binadamu, na fundi mwashi akawa bado yupo papo hapo, mwiko mkononi? Ndivyo ilivyo kwa SAM, roboti iliyobuniwa na kampuni ya Construction Robotics ya jimbo la New York, Marekani, na kuanza kuuzwa mwaka 2015. Wala siyo ya kwanza kuingia katika ujenzi, kwani tangu mwaka 1983 kampuni ya Shimizu ya Japani ilikwisha kujaribu roboti ya kupulizia vyuma vya maghorofa kinga ya moto.

SAM hupandishwa juu ya jukwaa, ikawa yaenda na kurudi sambamba na ukuta. Matofali huletwa na ukanda unaozunguka. Mkono wa chuma hulitwaa moja, hulifikisha kwenye mdomo wa bomba likapakwa saruji kwa kipimo, kisha hulilaza. Na kwa kuwa jukwaa hutikisika kwa upepo na kwa nyayo za watu, roboti hujiongoza kwa mwali wa leza uliowekwa baina ya nguzo mbili kwenye ncha za ukuta, ikajisahihisha kabla tofali halijatua. Mwali huo ndio uzi na pimamaji yake.

Wenye kampuni husema yaweza kulaza matofali 3,000 kwa siku, ilhali mwashi hulaza takriban 500. Hesabu hiyo yastaajabisha, lakini asidhani mtu kwamba waashi sita wamekuwa si kitu, maana nyuma ya mtambo hufuata fundi akikwangua saruji iliyozidi, akilainisha viungo ili mvua isipenye, akitia vyuma vya kuushika ukuta, na pembe zote akazijenga mwenyewe. Na saidia fundi naye hana budi kuulisha mtambo matofali na saruji kutwa. Lililoondoka ni kule kuinama na kuinuka mamia ya mara kwa siku, taabu iliyowaharibu migongo waashi wengi kabla ya uzee wao, nami nafurahi kwa moyo wote kuona chuma kimetwishwa mzigo huo. Ila insafu yataka jambo moja: maadamu ukuta umekwisha upesi kwa ushirika wa wawili hawa, na ukawa safi kwa jicho la fundi, ujira wake usipunguzwe kwa hoja ya kuwa hakunyanyua.

Aidha, mtambo huu hufaa penye ukuta mrefu ulionyooka, kama wa skuli au hospitali. Penye tao, au nyumba ndogo yenye dirisha kila baada ya hatua chache, kuutega tu kwaweza kula wakati ambao fundi angekuwa amekwisha fika kwenye linta.