Baridi ya Mwanza humngoja mwendesha baiskeli anaposimama

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

BAISKELI si chombo kigeni kwa wakazi wa Kanda ya Ziwa. Tangu enzi za fedha za pamba katika miaka ya 1950, wakati wakulima wa Usukuma walipokuwa wakiuza mazao yao kupitia vyama vya ushirika, baiskeli ilikuwa miongoni mwa mali za mwanzo ambazo kaya ilijitahidi kuzipata. Hadi leo inaonekana barabarani ikibeba mkaa, madumu ya maji, samaki na abiria.

Kilicho kigeni kidogo ni baiskeli ya kujifurahisha. Wapo wakazi wa Jiji la Mwanza ambao siku za mapumziko huamka alfajiri na kutoka na baiskeli, si kwa ajili ya kwenda sokoni wala shambani, bali kunyoosha viungo. Baadhi hupita Kirumba na Pasiansi kuelekea Ilemela; wengine hushika barabara ya Musoma hadi Kisesa na Bujora, yaliko makumbusho ya Wasukuma; na wengine hufuata barabara ya Shinyanga hadi Usagara. Si wachache walioanza mazoezi hayo baada ya kuelezwa na daktari habari za sukari au shinikizo la damu.

Tatizo ni kwamba mazoezi hayo hukatika upesi. Mvua za vuli zinapoanza kati ya Oktoba na Desemba, masika yanapoingia Machi, au upepo wa kipupwe unapovuma kati ya Juni na Agosti, baiskeli huegeshwa ukutani, na mara nyingi hubaki hapo hata hali ya hewa inapotulia. Sababu inayotolewa ni moja: baridi.

Mkazi wa Makete au Lushoto akisikia malalamiko hayo anaweza kucheka. Mwanza ipo karibu na ikweta, kando ya ziwa ambalo uso wake upo takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa kipupwe joto kwa kawaida hushuka hadi nyuzi 15 au 17 tu. Hakuna theluji wala umande unaoganda. Hata hivyo, malalamiko hayo yana msingi, isipokuwa wengi hawajui baridi hiyo inatoka wapi na inamdhuru mtu wakati gani.

Misuli ya mwendesha baiskeli hutumia kiasi cha robo tu ya nguvu ya chakula kusukuma pedeli. Sehemu kubwa iliyobaki hugeuka kuwa joto. Ndiyo maana anayepanda kilima cha Bugando hutoka jasho hata kama asubuhi ina ukungu. Wakati huo mwili ni kama tanuri, na baridi haina nafasi.

Mambo hubadilika anapoteremka kilima au anaposimama kuziba pancha. Tanuri limezimwa, lakini fulana imelowa jasho au mvua, na upepo unaendelea kuvuma. Anayejua kazi ya mtungi wa udongo hahitaji kuelezwa zaidi. Maji hupoa ndani ya mtungi kwa sababu unyevu unaopenya kwenye kuta zake hukauka kwa upepo na kuondoka na joto. Mtu aliyevaa fulana iliyolowa kwenye upepo ni mtungi wa namna hiyo, na kinachopozwa ni damu yake.

Zaidi ya hayo, maji huondoa joto mwilini kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa. Mwendesha baiskeli hujitengenezea pia upepo wake mwenyewe: akiteremka kwa kasi ya kilomita 40 kwa saa siku isiyo na upepo wowote, kifua chake kinapigwa na upepo wa kasi hiyo hiyo. Kwa hiyo nyuzi 16 za Mwanza, kwa mtu aliyelowa na asiyekanyaga pedeli, si nyuzi 16 za mtu aliyeketi barazani na kikombe cha chai.

Jambo hili limewakuta hata mabingwa. Juni 5, 1988, mashindano ya Giro d'Italia yalipita katika mlima Gavia nchini Italia, wenye urefu wa zaidi ya mita 2,600, theluji ikianguka. Mholanzi Johan van der Velde alikuwa wa kwanza kufika kileleni, akiwa amevaa nguo nyepesi. Katika mteremko mwili wake ulishindwa kuhimili baridi, akalazimika kusimama kujipasha moto, na alifika mwisho wa mbio akiwa amechelewa kwa takriban dakika 47. Mmarekani Andrew Hampsten, ambaye timu yake ilimwandalia nguo nzito karibu na kilele, alivaa jezi ya uongozi siku hiyo na hatimaye kutwaa ubingwa. Mlima uliwatoa jasho wote wawili. Kilichowatenganisha ni maandalizi ya mteremko.

Kinyume chake, katika mji wa Oulu, kaskazini mwa Finland, wakazi huendesha baiskeli majira yote ya baridi, wakiwamo watoto wa shule, huku kipimajoto kikionesha nyuzi nyingi chini ya sifuri. Mwaka 2013 mji huo ulikuwa mwenyeji wa mkutano wa kwanza wa kimataifa kuhusu uendeshaji baiskeli wakati wa baridi. Siri yao, mbali na manispaa inayosafisha njia za baiskeli, ni kwamba theluji ya baridi kali ni kavu. Hung'utwa begani kama vumbi. Mvua haing'utwi.

Kwa hiyo somo la kwanza kwa mkazi wa Mwanza si kununua jaketi zito. Jaketi la namna hiyo humtoa jasho njiani na kumlowesha kwa ndani, jambo ambalo halina tofauti na kunyeshewa. Fulana ya pamba nayo, hata kama pamba ni zao la nyumbani, hunyonya maji na kuyashikilia. Kinachofaa ni fulana nyepesi ya michezo inayokauka upesi, pamoja na koti jepesi la kuzuia upepo linalokunjwa na kuwekwa mfukoni. Koti hilo huvaliwa kabla ya mteremko na kabla ya kusimama, si baada ya meno kuanza kugongana. Fulana kavu ya akiba, iliyofungwa vizuri kwenye keria, ina thamani kuliko vifaa vingi vya gharama.

Asiye na koti anaweza kuiga ujanja wa zamani wa waendesha baiskeli wa Ulaya, ambao kabla ya kuteremka milima hupokea magazeti kutoka kwa watazamaji na kuyatandaza kifuani chini ya jezi. Karatasi huzuia upepo na hunyonya jasho. (Ujanja mwingine, wa kuvaa mifuko ya plastiki juu ya soksi, umekuwa mgumu nchini tangu mifuko hiyo ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku Juni 1, 2019.)

Dalili za mwili kuanza kushindwa na baridi ni kutetemeka, kisha vidole kufa ganzi, kujikwaa na kuongea kwa kukokota maneno. Madaktari huhesabu hali hiyo kuwa ya hatari joto la ndani ya mwili linaposhuka chini ya nyuzi 35. Kwa hali ya hewa ya Mwanza ni nadra mtu kufikishwa huko na safari ya asubuhi. Hatari iliyo karibu zaidi ni ile ya vidole: mtu asiyehisi vidole hawezi kukamata breki sawasawa, na barabara ya Nyakato au ya Mkuyuni ina malori.

Hapo linaingia suala la baiskeli yenyewe. Baiskeli nyingi za mtindo wa zamani zina ringi za chuma zilizong'arishwa, na ringi hizo zikilowa, raba za breki huteleza kiasi cha kuongeza umbali wa kusimama mara kadhaa. Ringi za alumini ni afadhali, na breki za diski ni afadhali zaidi. Mwenye ringi za chuma anapaswa kugusa breki mapema na kwa wepesi ili kufuta maji, ndipo akamate kwa nguvu. Tairi likipunguzwa upepo kidogo hushika barabara vizuri. Mistari ya rangi barabarani na vifuniko vya chuma vya mifereji havifai kukatwa kwa kona wakati wa mvua.

Nje ya lami, wazee wa Usukuma wana elimu yao. Udongo wa kichanga wa miinuko, uitwao luseni, hupitisha maji upesi na hupitika muda mfupi baada ya mvua. Udongo mweusi wa mabondeni, yaani mbuga, hugeuka gundi. Hujaa kwenye matigadi hadi gurudumu linakataa kuzunguka, na mwenye baiskeli huishia kubebana na chombo kilichopaswa kumbeba. Kuuliza wenyeji njia inapita kwenye udongo gani ni busara kuliko kuuliza umbali wake.

Jambo la saa nalo halipaswi kupuuzwa. Kwa kuwa Mwanza iko magharibi mwa nchi lakini inafuata saa moja na Dar es Salaam, jua huchomoza kati ya saa 12:30 na saa 1:00 asubuhi kulingana na mwezi. Anayetoka saa 11:30 alfajiri ili aepuke magari hukaa gizani kwa saa nzima au zaidi, na wakati wa baridi kali kuliko wote ni karibu na macheo. Taa ya mbele na nyekundu ya nyuma ni lazima. Anayesubiri hadi saa 1:30 hupata mwanga na joto kwa pamoja.

Upepo wa ziwa pia una ratiba. Usiku hewa hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Jua likishapanda, mwelekeo hugeuka na upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu. Aliyekwenda Usagara mapema kwa wepesi anaweza kukuta, wakati wa kurudi mjini, kwamba upepo umemgeukia usoni akiwa amechoka na amelowa jasho. Maeneo ya wazi huzidisha jambo hilo, hususan Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo-Busisi, lililozinduliwa Juni 19, 2025, ambalo lina urefu wa takriban kilomita tatu juu ya maji bila jengo wala mti wa kukinga upepo wa ubavuni.

Lakini kama kuna sababu moja halali ya kuahirisha safari, si baridi. Ni radi.

Ziwa Victoria, lenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800, ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi duniani. Usiku hewa inayotoka nchi kavu kutoka pande zote hukutana katikati ya ziwa, ambako maji bado yana joto, na kupanda juu kwa nguvu. Matokeo yake ni mawingu mazito ya dhoruba ambayo mara nyingi hukomaa kati ya usiku wa manane na asubuhi, saa zile zile ambazo mwendesha baiskeli anafunga kamba za viatu. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ina rada ya hali ya hewa mkoani Mwanza na hutoa utabiri kila siku. Kuutazama kabla ya kulala hakugharimu kitu.

Akiwa njiani, mtu anaweza kupima mwenyewe. Sauti husafiri kilomita moja kwa takriban sekunde tatu. Mmweko ukifuatiwa na ngurumo kabla ya sekunde 30 kutimia, radi ipo ndani ya kilomita 10 na inapasa kujificha, na kukaa humo hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Kujificha wapi ni swali ambalo majibu mengi ya mtaani si sahihi. Chini ya mwembe hapafai. Pango dogo chini ya majabali, ambayo Mwanza imejaliwa kwa wingi, halifai pia, kwa kuwa umeme unaopita juu ya mwamba unaweza kuruka mdomoni mwa pango na kumpitia aliyemo. Kibanda cha nguzo kisicho na kuta si kinga. Panapofaa ni ndani ya nyumba kamili au ndani ya gari lenye bodi ya chuma lililofungwa madirisha, hata daladala. Tairi za mpira za baiskeli hazimkingi mtu na chochote.

Ipo pia imani kwamba nguo nyekundu huita radi, na wapo wanaozivua mvua inapoanza. Radi haichagui rangi. Mwendesha baiskeli anayevua jezi nyekundu kwenye ukungu anajiondolea kitu pekee kinachomfanya aonekane na dereva wa lori. Ni imani ya kuachwa nyumbani, pamoja na ile isemayo kwamba kunyeshewa huleta malaria. Malaria huletwa na mbu. Anayekaa ufukweni jioni na kaptura baada ya mazoezi yupo hatarini zaidi kuliko aliyenyeshewa saa mbili asubuhi.

Aliyefika nyumbani ametota avue nguo zote zilizolowa kabla ya kufanya jambo jingine, ajikaushe na anywe kitu cha moto, uji wa ulezi au chai ya tangawizi yenye sukari. Pombe haifai, kwani hupanua mishipa ya ngozi na kuharakisha joto kutoka, ingawa mnywaji hujihisi amepata moto. Akiendelea kutetemeka bila kupoa, au maneno yake yakiwa hayaeleweki, apelekwe hospitali.

Baiskeli nayo ifutwe siku hiyo hiyo na mnyororo utiwe mafuta, kwa kuwa kutu huanza usiku mmoja tu. Viatu visianikwe juu ya jiko la mkaa, maana soli hubanduka. Vijazwe karatasi kuukuu, na karatasi hizo zibadilishwe zinapolowa, hadi asubuhi.