Chungu Kimoja kwa Nyumba Nzima: Namna ya Kupunguza Uzito Pamoja na Jamaa

Ndugu mfanyakazi, tazama mshipi wako. Je, unaufunga leo kwenye tundu lile lile la siku ulipoandikwa kazi? Wengi wetu tumekwisha kuhama matundu mawili au matatu. Jirani anatusifu: «Mshahara unaonekana!» Nasi tunacheka. Lakini siku ya kupimwa afya munganga anapima tansio, anapima sukari, kisha anasema: «Baba, punguza uzito.» Unarudi nyumbani na neno hilo. Utafanya nini nalo, wakati mama amekwisha kupika?

KWA NINI TUMBO LINAKUA

Wazee wetu wa wakati wa Union Minière, kabla ya mwaka 1967, walipokea posho ya chakula, na kazi yao ilikuwa ya nguvu za mikono. Sahani kubwa ya bukari iliteketea kabla ya jioni. Leo, hapa Mutshatsha, ambako mgodi wa Kamoa-Kakula ulianza kutoa shaba mwaka 2021, kazi nyingi ni za mashini. Dereva wa kamyo anakaa kitini saa nyingi. Basi linampeleka, basi linamrudisha. Kazi imebadilika, sahani imebaki ile ile, na juu yake tumeongeza pombe, soda na mikate ya kukaanga.

Uzito uliozidi unasaidia kuleta tansio, ugonjwa wa sukari na maumivu ya magoti. Tena kuna hatari nyingine ambayo watu wanaicheka: kukoroma. Mtu mwenye shingo nene na tumbo kubwa anaweza kukatika pumzi mara nyingi usiku bila kujua. Asubuhi anaamka amechoka, na mchana anasinzia. Kusinzia kwenye usukani wa mashini kunaweza kumuua yeye na wenzake. Mama, ukisikia baba anakoroma, ananyamaza kama aliyekufa, kisha anashtuka na kuvuta pumzi kwa nguvu, mwambie aende kwa munganga. Wewe ndiwe shahidi wa pekee.

PIMA KWANZA

Azima metre ya fundi wa kushona. Pima kiuno kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, bila kuvuta tumbo ndani. Mwanamume akipita sentimetre 94, aanze kujihadhari. Akipita 102, hatari ni kubwa. Kwa mwanamke ambaye hana mimba hesabu ni 80 na 88.

Usiogope kwamba lazima urudi kijana wa miaka ishirini. Mtu wa kilo 90 akipunguza kilo 4 na nusu tu, tansio na sukari vinaweza kuanza kushuka.

JIHADHARI NA MPANGO WA UONGO

Sokoni na njiani kuna wauzaji wa chai, vidonge na dawa za kuharisha. Wanaahidi kilo kumi kwa mwezi. Dawa ya kuharisha inatoa maji mwilini; mafuta yanabaki. Kesho unaingia kazini kwenye joto, kichwa kinazunguka. Na yule anayemeza dawa za sukari, akifunga kula bila kumwuliza munganga, anaweza kuzimia mbele ya mashini.

Mpango wowote ukiletwa mbele yako, uulize maswali haya manne:

1. Je, unapunguza polepole? Nusu kilo kwa juma, au kilo moja kwa wingi, inatosha.
2. Je, nyumba nzima inaweza kuufuata kwa chungu kimoja?
3. Je, unaweza kuufuata siku ya mshahara, siku ya wageni na wakati wa kazi ya usiku?
4. Je, watoto wanaendelea kushiba?

Jibu likiwa «hapana» hata mara moja, uache. Mpango unaodai chakula cha peke yako hautadumu. Utakula samaki wa bei mbele ya watoto wanaotazama, au mama atapika mara mbili mpaka achoke. Baada ya majuma mawili mambo yatarudi yalivyokuwa.

ANZA NA MAMBO MATATU

Kwanza, pombe na soda. Chupa kubwa ya pombe ina kalori karibu 300. Ukizoea chupa mbili kila jioni na kubakiza moja, kwa mwezi mmoja unaweza kupunguza kama kilo moja, ikiwa mengine hayajabadilika. Chupa ndogo ya soda ina vijiko saba hivi vya sukari. Kiu inakatwa na maji safi. Hata munkoyo, ukiwa na sukari nyingi, ni soda ya nyumbani. Fedha inayobaki mpe mama, anunue maharagwe na samaki. Hapo mpango wako utapata rafiki jikoni.

Pili, mafuta. Kijiko kimoja kikubwa kina kalori kama 120. Mama, usimimine kutoka chupani kwa macho. Pima kwa kijiko. Sombe inaiva vizuri kwa mafuta machache, ikipata kitunguu na nyanya. Punguza pia chumvi, kwa ajili ya tansio.

Tatu, sahani. Nusu yake iwe mboga: lengalenga, matembele, sombe. Robo iwe bukari, na robo samaki, maharagwe au nyama. Ikiwa umezoea madonge manne ya bukari, juma hili kula matatu. Usijinyime chakula cha kabla ya kazi. Mwenye njaa hana akili ya kujilinda.

WATOTO NA MAMA WENYE MIMBA

Hapa tuelewane vema. Katika nyumba moja baba anaweza kuwa mnene na mtoto mdogo akawa amekonda. Mtoto anayekua asipunguziwe chakula kwa sababu ya tumbo la baba. Chungu kiwe kimoja, chenye mafuta machache; kisha katika sahani ya mtoto mdogo ongeza kijiko cha mafuta au karanga zilizosagwa laini, na yai au samaki akipatikana. Mama mwenye mimba au anayenyonyesha asianze mpango wa kukonda bila ushauri wa munganga.

TEMBEA NA MWENZIO

Dakika 30 za kutembea kwa haraka, siku tano kwa juma, zinatosha kuanzia. Jioni tembeeni baba na mama pamoja. Ni saa nzuri ya kuzungumza mambo ya nyumba. Siku ya mapumziko shika jembe shambani. Hiyo ni kazi ya mwili, na inaleta mboga.

MANENO YA WATU

Ukianza kupungua, wengine watasema: «Anaumwa.» Wengine watamlaumu mama kwamba hampikii mume wake. Kwa hiyo zungumza na mke wako kabla ya kuanza, tena mbele ya jamaa, ili lawama isimwangukie yeye. Lakini ukikonda bila kutaka, ukikohoa zaidi ya majuma mawili, ukitoka jasho usiku au ukisikia kiu isiyokwisha, usifurahie mshipi unaolegea. Nenda dispanseri upesi. Yaweza kuwa kifua kikuu, sukari au sida, na kwa yote hayo matibabu yapo.

Utakuja wakati wa arusi au matanga, na utakula kuliko mpango. Usikate tamaa. Kesho yake rudi kwenye sahani yako ya kila siku.

Jumapili hii kaeni mezani, baba, mama na watoto wakubwa. Chagueni jambo moja tu la kubadilisha kwa mwezi huu, na mandike kiuno cha leo kwenye kalenda ukutani. Mwisho wa mwezi pimeni tena. Mgodi unahitaji mikono yako, lakini nyumba yako inakuhitaji wewe mzima, kwa miaka mingi.