Kwa Nini Goli Moja Huingia Mara Tatu Korogwe

Jioni ya mechi ya Simba na Yanga, jirani na stendi ya Korogwe, goli moja laweza kushangiliwa mara tatu. Anaanza aliyebandika redio sikioni. Muda si muda kibanda umiza chenye dishi nacho kinalipuka kwa kelele. Wakati huo wale walioegemea ukuta wa duka na simu zao bado wanauona mpira katikati ya uwanja, na kwa karibu nusu dakika itawabidi walitazame shambulizi ambalo mwisho wake wameshausikia.

Lawama hutupiwa mtandao wa simu, na mara nyingine unastahili. Lakini hata minara yote ya Korogwe na Handeni ingekuwa na kasi ya ajabu, simu ingebaki nyuma, kwa sababu sehemu kubwa ya ucheleweshaji huo imewekwa kwa makusudi. Ufundi huohuo unaomcheleweshea mtu goli ndio unaomwezesha kusimamisha tangazo la mubashara, akamhudumia mteja, akarudi na kuendelea alipoishia. Ndio pia unaomruhusu kurudisha nyuma aone kama ile ilikuwa penalti kweli.

Dishi lenyewe halina makosa makubwa. Setilaiti ya matangazo iko takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, na mawimbi yakipanda huko na kushuka kwa kasi ya mwanga hutumia kama robo sekunde tu. Kinachoongeza muda ni mitambo inayoibana picha studio na king'amuzi kinachoikunjua nyumbani.

Simu ina njia nyingine kabisa. Mwaka 2009 kampuni ya Apple ilitoa utaratibu uitwao HLS, ambao kanuni zake ziliandikwa na mhandisi Roger Pantos. Kwa bahati, Julai mwaka huohuo mkongo wa baharini wa Seacom ulianza kazi Dar es Salaam na kuipunguzia Tanzania utegemezi wa intaneti ya setilaiti. Kabla ya HLS, mitambo mingi ya video za moja kwa moja ilimfungulia kila mtazamaji bomba lake kutoka kwenye seva maalumu. Kilichopita ndani ya bomba kilikuwa kimepita. Kanuni za Pantos ziliachana na bomba: tangazo hukatwakatwa kama pingili za muwa, kila kipande kina sekunde chache na kimehifadhiwa kama faili la kawaida kwenye seva ya kawaida.

Sambamba na vipande hivyo huwepo faili dogo la orodha. Ni maandishi matupu. Mstari mmoja unasema kipande kina sekunde ngapi, mstari unaofuata unataja jina la faili lake, kisha kipande kingine, na kingine. Kila baada ya sekunde chache simu huisoma upya orodha hiyo, ikaona majina mapya yameongezwa chini, ikayafuata mafaili. Kwa hiyo anachokitazama kijana wa Korogwe ni mfululizo wa rekodi fupifupi zilizopangwa moja nyuma ya nyingine, hata kama pembeni kuna alama nyekundu ya mubashara.

Hapo ndipo inapotoka ile nusu dakika. Kanuni zinaitaka simu isianze na kipande cha mwisho kabisa, bali ikae nyuma kwa angalau urefu wa vipande vitatu, ili mtandao ukiyumba iwe na akiba. Vipande vilipokuwa vya sekunde 10, mtazamaji alianza sekunde 30 nyuma ya tukio. Baadaye Apple ilipendekeza sekunde 6, na pengo likashuka kuwa kama 18, bila kuhesabu muda wa kubana picha na kuisafirisha. Mwaka 2019 ikatangaza toleo linalovigawa vipande kuwa vidogo zaidi na kuleta pengo hadi sekunde chache tu, ingawa akiba ikipungua, mtandao dhaifu huadhibu haraka zaidi.

Kusimamisha sasa kunaeleweka kirahisi. Mtu akigusa kitufe, hakuna kinachosimama uwanjani wala kwenye seva. Vipande vinaendelea kukatwa na orodha inaendelea kukua. Simu inakumbuka tu kwamba mwenye nayo aliishia kipande fulani, na akirudi inaomba kinachofuata. Kurudisha nyuma ni kuomba kipande chenye namba ya chini zaidi.

Ila kiwepo.

Stesheni ndiyo inayoamua orodha ibebe vipande vingapi. Ikiacha vitano vya sekunde 6, mtazamaji ana nusu dakika tu ya kurudi. Mechi ya saa mbili ikitunzwa yote, orodha huwa na vipande 1,200, na aliyechelewa anaweza kurudi hadi timu zikiingia uwanjani. Kwenye orodha fupi, kila kipande kipya kinapoingia chini, cha zamani huondolewa juu. Aliyesimamisha akaenda kuswali au kula, akirudi anaomba kipande kilichokwisha kuondolewa. Picha ama itaganda, ama itamrusha mbele hadi sasa hivi bila kumwomba radhi. Tangazo likiisha, mstari mmoja huongezwa mwishoni mwa orodha kuiarifu simu kwamba hakuna kingine kinachokuja, na papo hapo mubashara inakuwa rekodi. YouTube huhifadhi yenyewe matangazo yasiyozidi saa 12 kwa mtindo huo.

Hamu ya kurudisha nyuma ni ya zamani kuliko intaneti. Desemba 7, 1963, mtayarishaji wa CBS, Tony Verna, aliwaonyesha Wamarekani kwa mara ya kwanza marudio ya papo hapo, katika mchezo kati ya timu za jeshi la nchi kavu na jeshi la majini. Mtangazaji Lindsey Nelson alilazimika kuwaeleza watazamaji kwamba jeshi la nchi kavu halijafunga tena. Mwaka 1999 masanduku ya TiVo na ReplayTV yalianza kurekodi televisheni kwenye diski nyumbani, na uwezo wa kusimamisha tangazo ukahamia kwa mwenye rimoti. Tanzania Bara wakati huo ilikuwa na miaka mitano tu tangu ipate vituo vyake vya kwanza vya televisheni.

Tofauti kati ya marudio yanayochaguliwa na studio na yale anayochagua mtazamaji si ya mpira peke yake. Januari 27, 2016, Waziri wa Habari wa wakati huo, Nape Nnauye, aliliambia Bunge mjini Dodoma kwamba TBC haitarusha tena mubashara vikao vyote. Badala yake kungekuwa na kipindi cha usiku kilichorekodiwa, Leo Katika Bunge. Wabunge wa upinzani walikuja juu. Ukikiangalia kisa hicho kwa macho ya fundi, kipindi kilichohaririwa na tangazo linalorudishwa nyuma vyote ni rekodi. Kinachovitofautisha ni nani ameshika mkasi.

Siku hizi vikao vya Bunge hufuatiliwa YouTube, na anayenufaika zaidi pengine ni mtu wa dukani. Hotuba ya bajeti husomwa kuanzia saa kumi jioni, saa ambayo maduka ya Chanika, mjini Handeni, yana wateja. Hotuba huchukua muda mrefu, na sehemu ya kodi huja mbali. Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dk. Mwigulu Nchemba, alipoisoma ya Juni 10, 2021, ndani yake mlikuwa na tozo ya miamala ya simu ambayo ilianza kukatwa Julai 15. Wakala wa miamala ambaye jioni ile alikuwa akihesabu fedha za watu hakuhitaji hotuba nzima. Alihitaji zile dakika chache, azisikilize mara mbili.

Barabarani mambo huwa na vituko vyake. Vipande huwekwa kwa viwango kadhaa vya ubora, na simu huchagua kiwango kila inapoomba kipande kipya. Basi la Arusha likitoka Mkata, likapita Kabuku na Segera kuelekea Korogwe, picha hufifia na kung'aa kadiri mawimbi yanavyobadilika. Mtandao ukikatika kabisa, simu nyingi huendelea pale zilipokwama. Abiria wawili wa siti moja, kila mmoja na laini yake, wanaweza kufika Mombo mmoja akiwa dakika mbili nyuma ya mwenzake katika mechi ileile. Wa nyuma akitaka kufika sasa hivi, aguse alama ya mubashara. Asiyetaka kupitwa na kitu anaweza kuongeza kasi: aliyeachwa dakika 20, akitazama kwa kasi ya moja na nusu, atawakuta wenzake baada ya dakika 40. Sauti ya mtangazaji, hata hivyo, huwa ya mtu anayekimbizwa na nyuki.

Bando nalo lina neno. Picha ya wastani inayotumia megabiti moja kwa sekunde humaliza MB 450 kwa saa. Kusimamisha hakuihifadhi mechi ndani ya simu: simu huvuta akiba kidogo, kisha inaacha. Kurudi nyuma sekunde 10 mara nyingi ni bure, kwa kuwa vipande hivyo bado viko kwenye kumbukumbu yake. Ukirudi dakika 10, huenda simu ikavivuta upya, na hizo ni MB 75 unazolipia mara ya pili. Kwa mwenye bando dogo, kushusha ubora wa picha kabla ya kurudisha ni jambo la busara.

Si kila jukwaa linaruhusu haya. Instagram Live ilijengwa kwa ajili ya watu kujibizana wakati huohuo, hivyo ilizinduliwa bila kumpa mtazamaji nafasi ya kurudi nyuma. Mwenye haki za matangazo naye anaweza kuifupisha orodha kwa sababu za kibiashara, na mtazamaji hataambiwa. Njia ya kujua ni moja: kabla mechi haijapamba moto, buruta kile kidoti kilicho kwenye mstari chini ya picha kuelekea kushoto. Kikikubali, vipande vipo. Kikigoma, stesheni imevifunga au imeshavifuta, na hata simu ya shilingi milioni mbili haitavipata.